Kidonge Kilichokataa Kuyeyuka: Maoni Juu ya Istilahi za Uundaji wa Dawa

Miongoni mwa barua tulizoletewa mwaka huu imo moja ya mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika famasia ya viwanda, mzaliwa wa Nyegina, kata iliyo jirani na mji wa Musoma, mkoani Mara. Barua hiyo ilifuatana na orodha ya maneno arobaini na mawili ya Kiingereza yatumikayo katika kuunda dawa na kuzitengeneza kiwandani. Mbele ya kila neno mwandishi ameweka tafsiri yake ya Kiswahili, naye anaomba tuihakiki. Desturi yetu ni kuhakiki kamusi na vijitabu vilivyokwisha kuchapwa, wala si karatasi tano zilizoandikwa kwa mkono. Desturi hiyo tumeivunja kwa sababu ndani ya karatasi hizo tumekuta kosa letu wenyewe.

Mwandishi anaeleza kwamba alipokuwa likizo nyumbani, mtoto wa shangazi yake aliugua malaria akapewa vidonge vya mseto vya watoto, vile vinavyotiwa kwanza katika maji kidogo. Karatasi iliyokuwamo pakitini ilisema kidonge kikae majini “mpaka kiyeyuke”. Shangazi alitii. Alikitia kidonge katika kikombe, akasubiri, akaendelea kusubiri. Maji yakatibuka, kisha yakaanza kutulia, na chini pakakaa unga. Mpwa wake alipoingia ndani alimkuta amekasirika. “Mwanangu,” alimwambia, “hii dawa imekataa kuyeyuka.” Alikuwa amekwisha kumnywesha mtoto maji ya juu, na ule unga wa chini ameumwaga nje. Kwa akili yake, nasi tunasema ni akili timamu, kitu kilichoambiwa kiyeyuke kisiyeyuke ni takataka.

Kumbe sehemu kubwa ya dawa ilikuwa katika hiyo takataka. Mseto huo una dawa mbili, artemetha na lumefantrini, na lumefantrini karibu haiyeyuki majini hata kidogo. Kidonge hicho cha watoto, ambacho kilianza kutolewa mwaka 2009, hakikuundwa ili kiyeyuke kama sukari. Kimeundwa ili kitawanyike majini upesi kuwa chembe ndogo ndogo. Chembe hizo huelea kwa muda, mtoto hunywa zote pamoja na maji, kisha kikombe husuuzwa na maji ya kusuuzia nayo hunywewa. Kwa bahati mwandishi alikuwapo, akarudi dirisha la dawa kuomba kidonge kingine, na mtoto akapona.

Maelezo ya pakiti ile hatukuyaandika sisi. Lakini miaka mingi iliyopita tulitafsiri karatasi ya dawa nyingine ya namna hiyo hiyo, na tulipoitafuta tukakuta tumeandika “kiyeyuke” mara tatu. Hatukuona haya wakati ule. Tulikuwa tumefungua kamusi, tumeona neno, tumelitumia, na kazi ikapokelewa kwa shukrani.

Ifahamike kwamba hatusemi Kiswahili hakina maneno ya dawa. Neno “mseto” lenyewe ni ushahidi wa kinyume chake. Mwaka 2006 Tanzania ilipoacha SP na kuichukua dawa hii ya pamoja kuwa tiba ya kwanza ya malaria, jina lililoshika halikuwa la kitaalamu. Lilitoka chunguni, katika wali na choroko vilivyopikwa pamoja, nalo lilifika kila kijiji kuliko semina zote. Tena ni neno sahihi. Katika mseto punje ya mchele hubaki mchele na choroko hubaki choroko, bali vinaliwa kwa tonge moja. Ndivyo ilivyo kwa dawa mbili ndani ya kidonge kimoja. Laiti jina lingekuwa “uji”, lingekuwa kosa.

Basi turudi kwenye kuyeyuka. Katika orodha ya ndugu yetu, Kiingereza kina maneno manne kwa mambo manne. La kwanza ni kitu kigumu kugeuka kioevu kwa joto, kama nta au samli. La pili ni kitu kutoweka ndani ya kioevu hata kisionekane tena, kama chumvi ndani ya maji. La tatu ni kidonge kuvunjikavunjika kikawa vipande na chembe. La nne ni chembe hizo kuenea majini bila kutoweka. Katika karatasi za maelezo ya dawa tulizokusanya kutoka maduka ya dawa, yote manne tumeyakuta yakibebwa na kitenzi kimoja, kuyeyuka. Mwandishi wa orodha naye, licha ya kisa cha shangazi yake, ameandika kuyeyuka mara mbili na “kuyeyuka kabisa” mara moja.

Kwa mtu wa kawaida jambo hili huweza kuonekana dogo. Kwa mwanafunzi wa uundaji wa dawa ndilo kiini cha somo. Kiwandani kidonge hupitishwa katika mitihani miwili isiyofanana. Katika mtihani wa kwanza vidonge sita hutiwa katika vibomba sita vya kioo vyenye wavu chini, vikapandishwa na kushushwa majini kwa joto la nyuzi 37 za Selsiasi, ambalo ndilo joto la mwili. Kidonge kisichopakwa ganda hutakiwa kiwe kimevunjikavunjika kabla ya dakika 15 kwisha, na kile cha kutawanywa majini, ambacho hujaribiwa katika maji yasiyopashwa moto, kabla ya dakika 3. Katika mtihani wa pili kidonge hukorogwa taratibu ndani ya chombo kwa kitu mfano wa kasia dogo, na kila baada ya muda hupimwa ni kiasi gani cha dawa yenyewe kimeingia katika kioevu. Huko Marekani mtihani huu wa pili uliingizwa katika kitabu cha viwango vya dawa mwaka 1970, kwa sababu wataalamu walikuwa wameona kwamba kidonge kinaweza kufaulu wa kwanza na kuanguka wa pili. Miaka hiyo hiyo ilidhihirika kuwa vidonge vya dijoksini, dawa ya moyo, vya watengenezaji mbalimbali vilitia damuni viwango vilivyotofautiana mno, ijapokuwa kila kimoja kilikuwa na uzito ule ule wa dawa. Sasa mwalimu atawezaje kumfundisha fundi wa mashine kwa Kiswahili kwamba kidonge hiki “kimeyeyuka lakini hakijayeyuka”? Fundi atacheka, na atakuwa na haki.

Kwa maoni yetu maneno yapo. Kuyeyuka kubaki na joto: barafu, nta, samli. Kwa chumvi na sukari tunapendekeza kumumunyika, na matokeo yake yaitwe mmumunyo, kama baadhi ya vitabu vya sayansi vilivyokwisha kufanya. Anayemumunya kitu huacha kiishe mdomoni chenyewe bila kukitafuna, na mwisho hakibaki kitu. Hatumkatazi mtu kusema sukari imeyeyuka katika chai, wala hatutazunguka mahotelini tukisahihisha watu. Tunasema tu kwamba katika kitabu cha uundaji wa dawa na katika karatasi ya maelezo, kila kitenzi kipewe mzigo wake. Kwa chembe zinazoenea na kuelea, kutawanyika kunatosha, na mzazi aambiwe wazi: “Kitatawanyika. Maji hayatakuwa maangavu. Koroga, mpe mtoto yote, suuza kikombe, mpe na maji hayo.” Maelezo haya ni marefu kuliko “mpaka kiyeyuke”. Wenye viwanda hupenda sentensi fupi, maana karatasi ni ghali, lakini hapa ufupi umekwisha kumgharimu mtoto dozi.

Lililotutatiza ni lile la tatu, la kidonge kuvunjikavunjika. Mwandishi aliweka “kusambaratika”. Sisi tulilikata kwa wino mwekundu, tukaandika “kumomonyoka”. Tuliona kusambaratika ni neno la mikutano na vyama, na kumomonyoka kunajulikana na kila mkulima aliyeona ukingo wa shamba ukiliwa na mvua. Tulijiona tumefanya vizuri. Ndugu yetu akatujibu kwa adabu, kwa kurasa mbili, akitueleza kinachotokea ndani ya kidonge. Ndani yake hutiwa wanga au kitu kama wanga. Maji yakipenya, wanga huo huyafyonza, huvimba, na huvisukuma vipande mbali mbali kutoka ndani. Kidonge hakiliwi kutoka nje kama ukingo wa shamba. Hupasuliwa na kilicho tumboni mwake. Kinachomomonyoka, alisema, ni kile kidonge cha kumung'unya kwa ajili ya koo, ambacho kimeundwa makusudi kisivunjike ila kipungue taratibu kutoka nje. Tukasalimu amri. Kusambaratika kumerudi, na kumomonyoka kumepata kidonge chake. Tungebaki mezani na kamusi zetu bila kumwuliza aliyeona chombo kile kikifanya kazi, tungepitisha neno zuri lenye maana ya uongo.

Kuna neno jingine ambalo kwalo sisi tuna haki na mwandishi amekosea, ingawa hatuna hakika ya dawa ya kosa hilo. Ndani ya kidonge kuna dawa yenyewe, na kuna vingine vyote: wanga, laktosi, gundi ya kushikamanisha, kilainishi cha kuzuia unga usigande kwenye mashine, rangi, na kadhalika. Hivyo vingine mwandishi ameviita “vijazio”. Neno hili linatia usingizi. Linasema hivi ni pamba ya kujazia mto, tu. Mwaka 1968 na 1969 huko Brisbane, Australia, wagonjwa wa kifafa waliokuwa wakimeza kapsuli za fenitoini walianza kupata dalili za sumu. Dozi ilikuwa ile ile. Kilichokuwa kimebadilishwa ni huo unga wa kujazia: salfeti ya kalsiamu ilitolewa, mahali pake pakatiwa laktosi, na dawa ikaingia damuni kwa wingi kuliko zamani. Mbaya zaidi ni ya mwaka 1937 huko Marekani. Salfanilamidi, dawa iliyokuwa ikitumika kwa vidonge na unga, ilitiwa katika dayethilini glikoli ili ipate kunywewa, na watu zaidi ya 100 wakafa, miongoni mwao watoto wengi. Hawakuuawa na dawa. Waliuawa na kile kilichoibeba. Na mwaka 2022 sumu hiyo hiyo ilikutwa katika dawa za maji za watoto zilizohusishwa na vifo vya watoto 66 nchini Gambia.

Kwa hiyo “kijazio” hakifai. Tulifikiri juu ya “kichukuzi”, kwa mfano wa mchukuzi wa mizigo ambaye anaweza kuchelewa, kuwahi mno au kuidondosha. Lakini rangi haichukui kitu, wala kilainishi cha mashine. Tumesimama kwenye “kisaidizi”, hali hatukuridhika, maana kisaidizi chaweza kuua, na neno halisemi hivyo. Kwa dawa yenyewe tunapendelea “kiini cha dawa” kuliko “kiambata amilifu”. La pili ni sahihi na lina heshima zake, ila kila aliyevunja yai anajua kiini ni nini.

Ama jina la fani nzima, mwandishi ameiita “utungaji wa dawa”. Hatukulipenda, na sababu zetu si za sarufi. Twatunga shanga, sheria na mashairi. Hata hivyo mtu akisema “habari hizo zimetungwa”, hasemi zimepangwa vizuri, anasema ni za uongo. Katika nchi ambamo wananchi huonywa mara kwa mara juu ya dawa bandia, dawa “iliyotungwa” itapokewa kwa shaka kabla haijamezwa. Neno huja na hukumu yake. Mwandishi wetu atalielewa jambo hili kwa mfano wa nyumbani kwao. Mwalimu Nyerere, aliyebatizwa Nyegina mwaka 1943, alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare juu ya mfanyabiashara wa Venisi na kuitoa mwaka 1969, aliiita Mabepari wa Venisi. Bepari lilikuwa neno la mfanyabiashara, lenye asili ya Bara Hindi. Lakini miaka miwili baada ya Azimio la Arusha hapakuwa na msomaji aliyeisoma jalada ile bila kusikia ubepari. Mwalimu, tunaamini, alijua alifanyalo. Mtafsiri wa dawa naye hana budi kujua. Kwa sababu hiyo tunachagua “uundaji wa dawa”. Waundao mitumbwi huko ziwani hukusanya vipande vingi ili kitokee kitu kimoja kisichovuja.

Mengine ya orodha tutayapitia upesi. “Bechi” ya kiwandani, mwandishi ameiita “mkupuo”. Neno tamu, maana ndiyo dawa iliyotengenezwa kwa mkupuo mmoja. Lakini Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba katika matangazo yake ya kuondoa dawa sokoni huandika “toleo namba”, na watu wamekwisha kuzoea kulitafuta toleo kwenye pakiti. Neno linalotumika kuwaokoa watu lisibadilishwe kwa utamu. “Dozi” iachwe ilivyo, kwani “kipimo” kimekwisha kuchukuliwa na maabara. Mahali pamoja mwandishi amechanganya “dawa duni” na “dawa bandia”. Duni huweza kutoka kwa mtengenezaji mwaminifu aliyekosea joto au unyevu. Bandia hutoka kwa mwongo. Hizi ni kesi mbili mbele ya sheria, zisichanganywe.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tunamsumbua mwanafunzi wa uzamili kwa kazi hii badala ya kuiachia kamati. Jibu letu la kwanza limo katika kisa cha kumomonyoka. La pili ni hali ya masomo yenyewe. Famasia imefundishwa Muhimbili tangu mwaka 1974, na kuelekea mwisho wa miaka ya 2000 yalianzishwa Moshi, katika Shule ya Famasia ya Kilimanjaro, mafunzo ya juu ya famasia ya viwanda kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani. Huko wafamasia waliokwisha kuhitimu hufundishwa kuunda kidonge, kukishindilia, kukipima na kuandika kumbukumbu zake. Masomo haya yote ni kwa Kiingereza. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makwetta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia katika sekondari kuanzia mwaka 1985 na baadaye vyuo vikuu. Pendekezo hilo halikutekelezwa, nasi hatutalifufua katika makala haya. Lakini mhitimu huyo akiingia kiwandani, mathalan kile cha Keko kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1968, mashine za kushindilia vidonge huendeshwa na watu wanaosema Kiswahili. Akitangaza kwa Kiingereza, watamwitikia. Akitaka waelewe kwa nini unga ukikaushwa kupita kiasi kidonge hubanduka kofia yake, atahitaji kitenzi. Leo hii kila mhitimu hujitungia chake, na kiwanda cha pili hakikijui.

TUKI ilikwisha kutoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na kamusi ya tiba mwaka 2003, kazi ambazo tunaziheshimu na tunazitumia kila juma. Ya kwanza ilitazama maabara ya shule, ya pili ikamtazama mgonjwa na daktari. Kidonge, ambacho hutoka kwa mmoja kikaenda kwa mwingine, hakikuwa na mwenyewe. Tunapendekeza kila tasnifu ya uzamili katika uundaji na utengenezaji wa dawa iwe na kurasa mbili za Kiswahili mwishoni. Kurasa hizo zisiwe muhtasari wa sifa. Mwandishi aeleze kazi yake kama anavyomweleza fundi wa zamu ya usiku, na nakala iletwe Barazani. Wasimamizi wa tasnifu watasema hapana nafasi. Nafasi ya kurasa tano za shukrani huwa ipo.

Orodha tumeirudisha. Katika maneno arobaini na mawili tumekubali ishirini na tisa, tumebadilisha tisa, na manne tumeyaacha wazi. Wakati tunaandaa makala haya imefika barua ya tatu. Mwandishi alikuwa Nyegina tena, akamtilia shangazi yake kidonge katika glasi ili akione kinavyofanya, kisha akamwuliza yeye angesemaje. Mama huyo alikitazama, akakiona kinavimba, kinaachana, uzi kwa uzi kama wavu uliooza. “Kinafumuka,” akasema. Tumeliandika neno hilo pembeni ya kusambaratika, kwa penseli.